Mchi wa Baharia

Arobaini ya Mzee Shabani Baharia tumeisoma Jumapili iliyopita, Ilala, nyumbani kwa binti yake, na mimi nilirudi kwangu nimeshiba ubwabwa na nimenyamaza. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nafikiria. Akasema hilo sasa ndilo geni. Simlaumu, mimi ni mtu wa kusema kuliko kufikiria. Ukiuza kahawa maisha yako yote unakuwa hivyo, maana mteja wa kahawa hanunui kahawa peke yake, ananunua na maneno. Lakini siku ile nilikaa mkekani na fundi Issa, tunakula sinia moja, na katikati ya kula akaninyooshea dole gumba la mkono wa kulia, limeganda punje mbili za wali, akaendelea na nyama yake. Wenzetu pale sinia wakadhani ananiambia poa. Mimi nilijua anasema nini. Ndipo nikaona niuandike mwaka ule kabla na mimi sijapikiwa ubwabwa wangu. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na mwandiko wangu unakimbia huku na huku kama kuku aliyemwagiwa maji, basi atakayepata tabu kusoma asome polepole, mimi mwenyewe ninaandika polepole.

Nyumba ilikuwa Kariakoo, nyuma ya soko, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma. Siku hizi ukipita pale utaona ghorofa la vioo, chini wanauza vitenge na vifaa vya simu, na juu sijui kuna nini, sijawahi kupanda. Chumba cha mbele kulia alikaa Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba. Mbele kushoto, Mzee Shabani, tuliyemwita Baharia kwa sababu alifanya kazi katika meli za Wagiriki mpaka magoti yakamkataa. Katikati kulikuwa na fundi Issa, fundi saa, na mkewe, tuliyemwita Mama Asha. Mimi nilikuwa chumba cha mwisho, kile kinachopakana na jiko, kijana sijaoa, na moshi wote wa nyumba ile ulipita kwangu kwanza ndipo uende mbinguni. Vyumba vingine walikuwa wapangaji wa kuja na kuondoka, hao siwatii humu. Kwenye ukumbi, karibu na mlango wa uani, palikuwa na mtungi wa maji juu ya kigoda chake, na kata ya kifuu imelala juu ya kawa. Pale ndipo palipokuwa na ubaridi kuliko pote nyumbani. Ukumbuke mtungi huo. Uani kulikuwa na kinu cha mwenye nyumba, kikubwa, cha wote. Mimi nilikuwa na kinu changu kidogo cha kutwangia kahawa, na sikukiazima mtu, maana kahawa inashika harufu upesi, ukitwangia vitunguu saumu asubuhi jioni wateja wanakuuliza umepika pilau au kahawa.

Kahawa yangu niliiuzia barazani pale pale kwa Bi Mwanahawa, kuanzia alasiri. Dele la kahawa juu ya mkaa, vikombe kwenye ndoo, na kashata kwenye sinia. Watu wakija wanagombana mambo ya mpira, ya serikali, ya wake zao, na mimi nagonganisha vikombe tu, nasikia. Kashata zangu zilikuwa za karanga. Na hapo ndipo utani dhidi ya Baharia ulipoanzia, kwa sababu yeye, mtu wa mikono kama makasia, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya Magogoni, alikuwa hali karanga. Wala hakai karibu na sinia ya karanga. Ninyi mnajua mjini hapa karanga maana yake nini kwa mwanamume. Anapita muuzaji na toroli lake, mihogo mibichi, vipande vya nazi, karanga, na kila mzee anayenunua anatazama pembeni kama haimhusu. Basi mwanamume akikataa karanga mbele za watu, barazani, amejitakia. Kinyozi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa hamwachi: "Mzee Baharia, kula mbili tatu basi, na shemeji zetu wa bandarini nao wapate haki yao." Baharia anajibu, "Mimi karanga zinaniua." Na kinyozi anasema, "Si bora ufe unapendwa?" Baraza zima linaanguka kicheko. Baharia naye anacheka. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu na hakuna aliyemsikia.

Alitueleza mara nyingi. Katika bandari moja ya Mashariki ya Mbali alikula nyama yenye mchuzi mzito, hakujua umeungwa kwa karanga. Akaanza kuwashwa viganja, midomo ikavimba, koo likafunga, akaona kiza, akaanguka jikoni kwenye meli. "Nilikufa," anasema, "nikarudishwa." Aliyemrudisha ni daktari wa meli, kwa sindano ya pajani, na alipoacha kazi daktari yule akampa sindano mbili za namna hiyo aende nazo nyumbani. Hazikuwa kama sindano za hospitali. Ni kijiti kinene kuliko kidole, kimekaa ndani ya mrija wake, dawa na sindano vimo ndani vimefichwa, na kuna springi. Unavua kifuniko cha kijivu upande mmoja, unaukandamiza ule upande mwingine wenye ncha nyeusi kwenye paja, sindano inatoka yenyewe na dawa inaingia. Baharia alikiweka kimoja mfuko wa shati, ubavuni mwa kalamu ya wino aliyozoea kuwa nayo kwa kujaza mikeka ya kubashiri mpira, na vyote viwili akaviita kalamu. Hii kalamu ya kuandikia, hii kalamu ya uhai, anasema, na kupiga mfuko. Sisi tukajifunza hivyo hivyo. Kalamu. Neno lile ndilo lililotaka kutuzika.

Siku yenyewe Mama Asha alipika kisamvu cha nazi. Alijua habari ya karanga, tena yeye ndiye aliyekuwa anamtetea Baharia kwa kinyozi, na kisamvu chake hakikuwa na hata chembe ya karanga, aliapa na sote tuliamini. Alimpelekea Baharia bakuli na wali. Kitu ambacho hakuna mtu nyumba ile angekifikiria, wala wewe usingekifikiria, ni kwamba asubuhi ile mpangaji mwingine alitwanga karanga katika kinu cha wote, akakifuta kwa kiganja kama tunavyofuta sote, akakiacha. Mama Asha akatwangia majani yake mle mle. Baharia alikula nusu bakuli. Nilikuwa uani napepeta kahawa, nikamsikia anakohoa kikohozi kikavu, cha mtu anayetaka kutoa kitu kisichokuwepo. Nilipoingia ukumbini amekaa sakafuni mlangoni kwake, mdomo wa juu umekuwa kama wa mtu mwingine, shingo ina mabaka mekundu, na sauti ile ya kuvusha bahari imekuwa ya paka. Anagonga mfuko wa shati. Anagonga, anagonga.

Fundi Issa alifika kwanza. Huyu ni mtu ambaye mikono yake inaweza kutoa skrubu ya saa ya kike bila kuvuta pumzi, na mimi ningekuwa mgonjwa ningemchagua yeye kuliko watu wote wa mtaa. Akaitoa kwenye mrija. Akavua kifuniko. Na kwa sababu ni kalamu, akaishika kama kalamu ile ya kubonyeza, dole gumba juu kichwani. Sasa kichwani palikuwa ndipo penye ncha nyeusi. Akabonyeza ili iandike. Tukasikia mlio mmoja mdogo, tak, na Issa akatazama dole gumba lake kama mtu aliyeng'atwa na kitu anachokifuga. Sindano imeingia dole gumba, dawa imeishia huko. Dole likawa jeupe kama mshumaa mbele ya macho yetu. Kalamu ya pili ilikuwa ndani ya kabati la vyombo la Bi Mwanahawa, amemwekea pamoja na vikombe vyake vya harusi kwa sababu ni kitu cha thamani, na kitu cha thamani hufungiwa. Ufunguo ulikuwa umefundikwa kwenye pindo la kanga yake, na Bi Mwanahawa mwenyewe alikuwa msibani Magomeni.

Tulimpakia Baharia kwenye mkokoteni wa muuza mchele. Mimi nilishika mbele, wabebaji wawili wa sokoni wakasukuma nyuma, na Issa alikimbia pembeni na mkono wake ameukumbatia, anarudia, nisamehe mzee, nisamehe mzee. Mnaoijua Kariakoo saa za mchana mnajua hakuna njia pale, kuna watu tu. Tulipiga kelele mpaka watu wakapasuka kama nguo. Hospitali ilituwahi, nasema ilituwahi sisi, maana sisi tulikwisha chelewa. Walimpiga sindano ile ile ya pajani, wakamwekea hewa, wakamwekea maji, na baada ya muda mrefu uso wake ukaanza kurudi. Issa naye wakamkalisha, wakaloweka dole katika maji ya uvuguvugu, wakalitazama mara kwa mara mpaka damu ilipokubali kurudi. Hakuugua, lakini kwa muda wote ule alikuwa anajua kazi yake yote ya saa imelala ndani ya dole lile. Mama Asha alikaa nje kwenye benchi na upawa mkononi. Alitoka nao nyumbani, hajui.

Daktari alikuwa kijana, mpole, akatueleza sote pamoja kwenye korido, na nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mteja anayenieleza nani alimfunga nani. Alisema aleji ya namna ile haingoji. Ukiona midomo, pumzi na mabaka vimekuja pamoja baada ya chakula, choma dawa kwanza, usiseme ngoja tuone. Paja la nje, katikati, hata juu ya nguo. Kandamiza, hesabu mpaka kumi bila kutoa. Mlaze, miguu juu, na kama anatafuta pumzi mwacheni aegemee, ila miguu ibaki imenyooka mbele. Msimsimamishe, msimtembeze. Halafu mleteni hospitali hata kama amepata nafuu na anacheka, kwa sababu dawa inaisha nguvu na ugonjwa unaweza kurudi. Isikae juani, isikae kwenye barafu, na isifungiwe. Aliposema isifungiwe, Bi Mwanahawa, aliyekuwa amekwisha fika kutoka msibani, alifundua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akautazama. Kesho yake kalamu ilikuwa ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, kimening'inizwa kwenye msumari juu ya mtungi, kwenye ubaridi, mahali ambapo hata mtoto wa jirani angeiona. Baharia akitoka anaivaa shingoni katika kifuko alichoshonewa na Bi Mwanahawa mwenyewe. Akirudi anaitundika. Kila Ijumaa Bi Mwanahawa anaitoa, anaitazama dawa kwenye kile kidirisha chake kama bado nyeupe kama maji, ananiita nimsomee tarehe, anairudisha.

Ilibaki hiyo moja. Hilo ndilo nataka mlishike. Madukani hapa mjini haikupatikana, tuliulizia mpaka tukachoka, na Baharia alituma salamu kwa wenzake wa meli lakini meli haiji kwa sababu wewe unaumwa. Sindano moja, mtu mmoja, na nyumba nzima ambayo imekwisha onyesha kwamba haijui kuitumia.

Basi Baharia akafungua shule. Kila baada ya chakula cha mchana, uani, wapangaji wote. Hatukuthubutu kujifunzia ile ya kweli, kwa hiyo tulitumia gunzi la muhindi, linakaa mkononi sawasawa na kitu chenyewe. Upande mmoja Baharia alilipaka masizi, hiyo ndiyo ncha nyeusi, upande wa pili akalivika kitambaa, hicho ndicho kifuniko. Unachukua gunzi kikapuni, unavua kitambaa, unamchoma Baharia pajani. Akakaa kwenye kigoda kama sultani, paja amelitoa mbele. Sasa Bi Mwanahawa alipofika zamu yake kulikuwa na mashauri. Yeye ni mjane mwenye heshima zake, na paja ni la mwanamume. Baharia akamwambia, "Bi Mkubwa, dawa inapita kwenye nguo, heshima yako haitaguswa." Akajibu, "Na uvae suruali nzito, maana nikikuchoma mimi kodi zote ninazokudai nazo zitaingia." Tulicheka. Lakini nilichokuwa nakiona hakikuchekesha. Kila mtu, mmoja baada ya mwingine, akishika gunzi, dole gumba linapanda juu. Mama Asha, dole juu. Bi Mwanahawa, dole juu. Mimi mwenyewe, dole juu. Baharia anafoka, shusha dole, tunashusha, kesho yake limepanda tena. Issa yeye hakushika gunzi kabisa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, na zamu yake ilipofika akasema ana saa ya mtu inamngoja.

Neno lilinijia nikiwa natwanga kahawa. Nataka niseme kama lilivyokuja, nisiongeze chumvi, ingawa nimelisimulia mara nyingi barazani na chumvi imekuwa ikiingia yenyewe. Shule ilikuwa inaendelea, mimi niko pembeni na kinu changu, na Baharia anafoka, "Kalamu hiyo, Mama Asha, kalamu, shusha dole." Nikatazama mkono wangu. Mchi umo ngumini. Vidole vimeuzunguka, dole gumba limelala juu ya vidole vyenzake, ubavuni, limetulia. Sikuliambia likae pale. Tangu nimezaliwa sijaona mtu anayetwanga kwa kuweka dole gumba juu ya mchi, na hakuna anayeuliza upande gani wa mchi unaingia kinuni. Nikasema, "Mzee, kosa ni jina. Hii si kalamu. Hii ni mchi."

Halafu Bi Mwanahawa akauliza, taratibu, "Na kinu ni nini?" Nikasema kinu ni paja. Ninyi watu wazima mnajua mchi na kinu katika mdomo wa mwanamke wa pwani maana yake ni nini kingine, sina haja ya kuwaeleza. Mama Asha alijifunika uso kwa kanga. Bi Mwanahawa alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza kumwona amekaa sakafuni, na Baharia akawa anapiga goti lake, anasema, "Miaka yote hii baharini nimebeba mchi mfukoni na sikujua." Lakini Mama Asha alipojifunua uso akachukua gunzi, na kabla hajaambiwa kitu ngumi ikafunga, dole likalala, ncha ya masizi ikaelekea chini. Akamtwanga Baharia pajani. Akahesabu mpaka kumi. Sitawadanganya kwamba sikujisikia. Nilijisikia. Nilizaliwa mtu wa kugonganisha vikombe, na siku ile nilibadilisha jina la kitu na mikono ya watu ikaelewa.

Toka hapo hakuna aliyesema kalamu. Wapangaji waliokuja na kuondoka walifundishwa mchi kabla ya kuonyeshwa choo. Baharia akapikiwa kwa vyombo vyake, na majani yake yakatwangiwa kinu changu, ndiyo, kile kile nisichomwazima mtu, kwa hiyo mwaka ule alikula kisamvu chenye harufu ya kahawa na akasema ni kizuri. Kashata za karanga nikaacha, nikapika za nazi, zenye iliki na sukari iliyoungua kidogo. Wateja walinung'unika, kinyozi akasema nimeolewa na Baharia, nikamwambia ale au aache, akala, akarudi kesho yake na wenzake. Mpaka leo watu wananijua kwa kashata zile. Naye kinyozi hakumtania tena Baharia habari ya karanga, alihamia magoti.

Halafu ikaja harusi ya mjukuu wa Bi Mwanahawa. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa, uani masufuria ya pilau, wanawake wamejaa vyumba vya mbele, sisi wanaume tumetandikiwa mkeka ukumbini na mimi nagawa kahawa. Upande wa bwana harusi walileta halua katika sinia zilizofunikwa kwa makawa. Sasa halua Baharia alikuwa anakula siku zote, maana halua huwekwa lozi, na lozi hazikumdhuru kamwe. Lakini huyu aliyepika halua hii, sijui lozi zilikuwa ghali, sijui zilimwishia, alitia karanga zilizomenywa na kupasuliwa, na ndani ya halua, kwenye mafuta na zafarani, hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Baharia alikata kipande, akatafuna, akasita. Akakitema kwenye kiganja na kukitazama. Akasema, "Lozi hii ina utani." Nilipomjazia kikombe alikuwa anajikuna viganja. Kabla kikombe hakijafika kinywani kikaanguka, akasema jina langu, Sudi, na jina likatoka limepasuka.

Nilimwegemeza ukutani, miguu imenyooka mbele, na goti lake la kulia nikalishika kwa mikono miwili na kulikalia kwa uzito wangu wote, kwa sababu mtu anayetafuta pumzi anapiga mateke bila kujua, na mtu wa ukubwa ule akipiga teke sindano inachana nyama. Nisingeweza kuachia. Nikainua macho kuutafuta mchi. Kikapu kilikuwa juu ya mtungi, pale pale. Na chini ya kikapu, kata ya maji mkononi, alikuwa amesimama fundi Issa.

Wengine ukumbini walikuwa wageni wa bwana harusi, hawajui hili wala lile. Mama Asha yuko uani na masufuria. Bi Mwanahawa ametokeza mlangoni kwake na hina mikononi, haijakauka. Issa alidondosha kata. Akanyoosha mkono kikapuni, akautoa mrija, akautoa mchi, na mkono ukasimama hewani. Niliona dole gumba lake. Lilikuwa linapanda. Polepole, lenyewe, linapanda kwenda juu, kama lilivyopanda siku ile, na macho yake yako kwenye dole, hayako kwa mgonjwa. Na Baharia chini yangu alikuwa ameanza kutoa ule mlio, mnaomjua mtu mwenye pumu mnaujua, ila huu ulikuwa unazidi kuwa mwembamba.

Sikupiga kelele. Kumpigia mtu kelele katika hali ile ni kumsukuma. Nikasema kama ninavyomwambia mteja kikombe chako hiki hapa.

"Kaka Issa. Mchi."

Dole likashuka. Nililiona likishuka, likalala juu ya vidole vyenzake, ngumi ikafunga. Mkono wa kushoto ukavua kifuniko cha kijivu. Akapiga goti, ncha nyeusi chini, akatwanga mara moja, paja la nje, juu ya kanzu mpya. Tak. Akataka kutoa, na Bi Mwanahawa pale mlangoni akasema, "Acha hapo hapo," akaanza kuhesabu, si haraka haraka kama sisi, alihesabu kama anavuta tasbihi, moja, mbili, na ukumbi mzima wa wageni ukawa unahesabu naye mpaka kumi. Issa akautoa, akautumbukiza ndani ya mrija, sindano mbele, kama alivyofundishwa na mtu ambaye siku zote alidhani hasikilizi. Kumbe pale mlangoni, mikono nyuma, alikuwa anashika kila neno.

Baharia alikuwa mweupe, anatetemeka, moyo wake niliusikia mpaka gotini. Halafu pumzi ikaingia moja, yenye sauti, mbaya, nzuri. Halafu nyingine. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba amepona, apewe kahawa yake, na akataka kusimama. Bi Mwanahawa akamwambia, "Shabani, ukisimama nitakukalia mimi." Akatulia. Gari lililokuwepo ni la bwana harusi, Peugeot nyeupe yenye maua na utepe. Tulimbeba kama tulivyoambiwa, hakukanyaga chini, tukamlaza kiti cha nyuma, miguu yake mapajani mwa Bi Mwanahawa, heshima imesahaulika, na dereva akapiga honi njia nzima. Watu wa Kariakoo walipoona gari la maua wakapiga vigelegele na kurusha mchele. Baharia, amelala ndani, aliinua mkono akawapungia.

Na jioni, hospitali, ugonjwa ulirudi kweli kama yule daktari alivyotuambia. Lakini ulimkuta mahali panapojua kazi yake, wakamchoma tena, ukaondoka. Bibi harusi alilingoja gari mpaka machweo na hakulalamika. Miezi michache baadaye meli iliingia bandarini na baharia mwenzake mmoja, na mkoba, na ndani ya mkoba michi mipya. Issa ndiye aliyeitundika kikapuni.

Baharia ameishi miaka mingi baada ya hapo, amezika wengi waliomtania, na amekufa kwa uzee, usingizini, kitandani kwake. Nasema hivyo kwa kujivuna na sioni haya.

Ana mjukuu, Nasra, mwanafunzi wa sekondari, amerithi aleji ya babu yake. Naye ana michi yake, siku hizi ina rangi nyingine, kifuniko cha buluu na ncha ya machungwa, wala huwezi kukosea kirahisi. Siku ya arobaini alinijia mkekani, akasema shikamoo babu, nikaitikia, akaniambia marafiki zake wote shuleni amewafundisha, na wote wanasema mchi, mchi wa Nasra uko wapi. Halafu akainama sikioni kwangu, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. "Babu Sudi, hivi mchi ni nini hasa?"

Kwao wana blenda. Vitunguu saumu wananunua vimesagwa kwenye chupa. Mtoto amebeba neno langu pajani mwake miaka yote na hajawahi kuona kitu chenyewe. Issa alisikia, ndipo aliponyoosha dole lake lenye wali.

Juzi nikampelekea. Ule mchi wangu wa kahawa, wa zamani, umekuwa mweusi, katikati umelika pale panapokaa mkono. Nikaweka na kinu mbele yake, nikatia buni chache, nikamwambia twanga. Sikumwonyesha namna ya kushika. Aliupokea, akaupima uzito, akaufunga ngumini, na nikatazama dole lake gumba. Lililala ubavuni, juu ya vidole vyenzake, limetulia, hakuna aliyeliambia.